Vikorombwezo vya kerezo: cha kununua, cha kujitengenezea, na kipi kitangulie

Kerezo langu, mashine ya kuzungusha mbao ili patasi izichonge ziwe duara, linakaa chini ya banda la mabati huku Buswelu, Ilemela, jijini Mwanza, hatua chache kutoka jiko la nje. Ni mashine ndogo ya mezani, inabeba gogo la kipenyo cha sentimita 30 basi, na siku za kazi hulala chini ya turubai. Huamka Jumamosi baada ya chai. Mimi si fundi wa kuuza. Nakereza pia za watoto, bakuli za matunda, mipini ya patasi, na michi midogo ya kutwangia vitunguu saumu ambayo kila shangazi aliyepita hapa ameondoka nayo.

Mtu akishapata mashine, swali linalofuata huwa moja: sasa ninunue nini? Ushauri wangu ni kwamba usinunue kwa kutazama picha za vifaa, nunua kwa kufuata kero. Raha ya kukereza ni pale patasi inapokata, maranda yanaruka na umbo linajitokeza lenyewe bila mtu kukushtua. Kila kinachokusimamisha, iwe patasi butu, giza, kiuno kuuma au gogo kuchomoka, kinaila raha hiyo. Kikorombwezo cha maana ni kile kinachokuondolea kituo kimoja.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni daftari la shule. Litundike kwa kamba karibu na mashine, na kila unaposimama bila kupenda, andika sababu kwa neno moja. Fanya hivyo Jumamosi tatu. La kwangu lilijaa neno “butu” kuliko maneno mengine yote, wakati mimi nilikuwa naota chaki, kile kifaa cha kushikia gogo, ya bei mbaya. Daftari liliniokolea fedha kabla sijazitoa.

Hata hivyo, kuna mambo mawili hayasubiri daftari.

Umeme unaporudi

Siku moja umeme ulikatika nikiwa katikati ya bakuli la mwembe. Nikalaza bobari yangu, ile patasi yenye mfereji, juu ya egemeo, chuma cha kulazia patasi mbele ya gogo, nikaenda kunywa maji. Swichi nikaisahau. Umeme uliporudi, mashine ikaanza yenyewe, bobari ikarushwa na kutoboa bati la ukuta. Tundu lipo hadi leo, na mvua ya vuli hunikumbusha kila mwaka.

Dawa yake ni swichi inayojiachia umeme ukikatika. Ndani yake kuna koili inayoshikilia mguso. Umeme ukienda, mguso unaachia, na ukirudi mashine inabaki kimya hadi ubonyeze kitufe cha kijani kwa mkono wako. Mashine nyingi mpya huja nayo, za mitumba na za kuundwa na mafundi wa mtaani mara nyingi hazina. Kuijaribu ni rahisi: toa gogo, washa mashine, mwambie mtu azime swichi kuu ya nyumba, subiri isimame kabisa, kisha awashe tena. Ikianza kuzunguka yenyewe, muite fundi umeme akubadilishie kabla hujanunua kitu kingine chochote. Mwambie pia kitufe chekundu kiwe mahali unapoweza kukifikia bila kupitisha mkono juu ya kinachozunguka.

Jambo la pili ni uso na mapafu. Miwani peke yake haitoshi; tafuta ngao ya uso ya plastiki ngumu inayoshuka hadi kidevuni. Unapowasha mashine, simama kando ya njia ambayo gogo lingepita kama lingechomoka. Barakoa iwe ya daraja la FFP2 au N95, si kitambaa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, la mninga hukera pua na koo, na mpingo nao una watu wake unaowakataa. Banda langu nimeliacha wazi pande mbili, kwa sababu mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Nasimama upepo ukinitokea mgongoni na vumbi linakwenda zake uani. Usiku upepo hugeuka, lakini usiku sipigi msasa.

Kiuno na miguu

Hapa fedha haitoki nyingi. Simama wima mbele ya mashine, kunja mkono. Kiwiko chako kiwe usawa mmoja na katikati ya mhimili unaozunguka. Meza yangu ilikuwa chini mno, na mwaka mzima nililaumu umri. Vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya meza vilimaliza maneno.

Meza inayotetemeka huandika mawimbi juu ya bakuli. Piga rafu chini yake na uilemee kwa uzito. Mwanza hatuna shida ya mawe, lakini mawe matupu hugongana na kulia. Mchanga mkavu kwenye mifuko imara ni bora zaidi kwa sababu humeza mtetemo. Mimi nimeweka mifuko mitatu. Miguuni tandika yale mazulia ya sponji ya watoto yanayoshikana kama fumbo. Sakafu ya saruji yenye maranda huteleza kama sabuni, na saa mbili za kusimama juu yake zinatosha kukufanya uchukie kazi uliyoipenda asubuhi.

Taa mbili, si moja kubwa

Taa moja kubwa juu ya kichwa inaua vivuli, na vivuli ndivyo vinavyokuonyesha makosa. Weka taa ya kawaida kwa ajili ya banda zima, halafu taa ndogo yenye shingo ya kupinda na sumaku chini, uibandike kwenye kichwa cha mashine. Ilaze ili mwanga ukwaruze uso wa mbao kwa pembeni. Mikwaruzo ya msasa itajitokeza yote.

Kwenye taa kuna mtego mmoja. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za tyubu za zamani pamoja na baadhi ya balbu rahisi za LED humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kujua. Mashine ikizunguka mara 1,500 kwa dakika ni mizunguko 25 kwa sekunde. Chaki yenye taya nne inapitisha taya 100 katika sekunde hiyohiyo. Matokeo yake, chaki inaweza kuonekana imesimama, na mkono ukatumwa kuigusa. Kabla ya kununua balbu, iwashe dukani na uielekezee kamera ya simu; ukiona mistari mieusi inatembea kwenye kioo, irudishe.

Kunoa

Hapa ndipo ningemshauri mgeni amalize robo tatu ya fedha zake. Watu wengi wanaoacha kukereza hawakushindwa na mashine. Walikuwa wanasukuma chuma butu. Patasi kali hukata huku umeishika kwa vidole, ilhali butu hukwangua, hurarua nyuzi za mbao, na siku moja hung'ang'ania na kukurusha mkono.

Nunua grenda ya mezani yenye mizunguko karibu 1,450 kwa dakika. Zile za 2,800 zipo tele madukani na zinafaa, ila zinakula chuma haraka na kukipasha moto. Jiwe la kijivu linalokuja nayo ni la kazi za chuma cha kawaida. Libadilishe, weka jeupe la oksidi ya aluminiamu, ukali namba 60 au 80. Ukiwa na uwezo, gurudumu la CBN, lile la chuma lililopakwa chembe ngumu sana za kunolea, halihitaji kunyooshwa na halipungui kipenyo, lakini linataka patasi za chuma cha haispidi tu, chuma kigumu kinachostahimili joto. Chuma laini hulijaza na kuliziba.

Kinachobaki ni mkono, na mkono wa mtu wa Jumamosi kwa Jumamosi hauna kumbukumbu. Unahitaji kishikizo kinachorudisha pembe ileile kila mara. Vya dukani vipo, vya Oneway wa Kanada na Tormek wa Sweden vina sifa duniani. Changu nilichora kwenye karatasi, nikampelekea fundi wa kuchomelea mtaani, akanikatia siku hiyohiyo. Fuata hivi:

1. Chini ya jiwe, funga kipande cha bomba la pembe nne kikiwa sambamba na meza, kikielekea kwako. Ndani yake ipite fito ya chuma inayoingia na kutoka, na bolti ya kuikaza ubavuni.
2. Kwenye ncha ya fito, chomelea vipande viwili vya bapa vikutane kama herufi V. Humo ndimo kitako cha mpini wa patasi kitakaa.
3. Ingiza bobari kwenye V, makali yake yaguse jiwe, grenda ikiwa imezimwa na kuchomolewa.
4. Paka ule mteremko wa patasi unaonolewa kwa kalamu ya maki nyeusi. Zungusha jiwe kwa mkono. Wino ukifutika juu karibu na makali tu, sukuma fito kuelekea jiwe. Ukifutika chini tu, ivute ije kwako. Ukifutika wote, hapo ndipo penyewe.
5. Kaza bolti. Kata kijiti chenye urefu sawa na umbali kutoka jiweni hadi ndani ya V, kiandike jina la patasi, kitundike ukutani. Safari ijayo hupimi tena, unaweka kijiti na kunoa.
6. Noa kwa kuzungusha mpini taratibu, bila kukandamiza. Cheche zikianza kupita juu ya makali, acha.

Kwa bobari ya bakuli anza na pembe kati ya nyuzi 45 na 55. Chuma cha haispidi kikibadilika rangi kuwa bluu usihangaike, ugumu wake haupotei kwa joto hilo. Usikichovye majini kikiwa moto, kinaweza kupata nyufa ndogo. Chuma cha kaboni, kama tupa kuukuu iliyogeuzwa patasi, ni kinyume chake: bluu maana yake ulaini, kwa hiyo hicho ndicho cha kupoza kila mara. (Na tupa ni ngumu lakini hupasuka kama kigae. Sitengenezi tena patasi ya kukereza kutoka kwenye tupa.)

Usisubiri patasi iwe butu kabisa. Mimi hunoa kabla ya mkato wa mwisho wa kila bakuli, na hapo msasa naanzia mbali.

Kushika mbao

Chaki, si ile ya ubaoni, ni kifaa chenye taya nne zinazofunga na kufunguka pamoja. Nzuri inaweza kukaribia nusu ya bei ya mashine ndogo, na inalipa. Kabla yake nilikuwa napiga skrubu kwenye bamba la chuma, halafu naziba matundu chini ya bakuli kwa gundi na unga wa mbao, kazi ya aibu.

Kosa la kuepuka ni nyuzi za mhimili, hesi kwa Kiswahili cha vitabuni. Chaki ya kwanza niliagiza mtandaoni kwa kutazama picha, ikafika na nyuzi zisizoingia kwangu. Kosa lilikuwa langu. Makerezo mengi huja na M33 kwa 3.5 (kipenyo, kisha umbali wa uzi hadi uzi, kwa milimita), au inchi moja yenye nyuzi nane kwa inchi, na zile ndogo kabisa M18 kwa 2.5. Pima kipenyo cha nje kwa vernia, hesabu nyuzi, ndipo uagize. Angalia pia tundu la Morse, lile linalopungua upana kuelekea ndani, kwenye mkia wa mashine, yaani upande unaokabili chaki, namba 1 au namba 2, kwa sababu ncha zote utakazonunua baadaye zinaingia humo.

Chaki hushika vizuri pale tu ulimi wa gogo umekatwa vizuri. Kwa bakuli la sentimita 20, acha ulimi wa kipenyo cha sentimita 6 au 7, urefu milimita 6 hadi 8. Ulimi usifike chini ya taya. Kinachotakiwa ni bega la bakuli kukaa bapa juu ya taya zenyewe. Taya zako zikiwa na mteremko kwa ndani, ukate ulimi nao uwe mwembamba kidogo kwenye shina lake. Taya hushika kwa ukamilifu pale zinapokaribia kutengeneza duara kamili, hivyo pima duara hilo mara moja na ulichore kwenye kipande cha plaiwudi kiwe kigezo chako.

Mwendo nao una hesabu yake. Zidisha kipenyo kwa sentimita mara mizunguko kwa dakika. Jibu likae kati ya 15,000 na 23,000. Bakuli la sentimita 25 basi ni mizunguko 600 hadi 900. Gogo ambalo bado halijawa duara huanza chini ya hapo, na ukiona meza inatembea, ni ishara ya kupunguza bila kujadiliana.

Kugeuza bakuli ili umalizie kitako wengi hununua taya kubwa za mpira. Mimi natumia ndala. Kereza kipande cha msonobari kiwe kama kichwa cha uyoga kinachoingia ndani ya bakuli, bandika juu yake soli ya ndala kuukuu, funika bakuli hapo, kisha lete mkia wa mashine uibane kwa mbele. Sponji hushika bila kukwaruza. Kibonge kidogo kitakachobaki katikati, kikate kwa patasi ya mkono baada ya kuzima. Soli hiyohiyo, ikikatwa vipande, ni kishikio kizuri cha msasa, kinakukinga vidole na joto.

Ncha ya mkia ikiwa ile kavu isiyozunguka, inaunguza mbao na kupiga kelele. Badilisha, weka yenye beringi. Ni kitu kidogo, na utashangaa ulikuwa unavumilia nini.

Vitu vidogo

Kalipa mbili, zile koleo za kupimia unene, moja imefungwa kipimo kimoja na nyingine kingine, zinakuondolea kurekebisha katikati ya mchi. Bikari ya shule inatosha kuchora ulimi. Msasa nunua wa kitambaa, namba 80, 120, 180, 240, 320 na 400, na usiruke hata namba moja. Jina lenyewe tumelirithi kutoka kwa mti wa msasa, ambao majani yake yana ukali wa kusugulia. Sogeza egemeo pembeni kabla ya kupiga msasa, na usivae glovu wala mikono mirefu iliyolegea.

Kipima unyevu cha mbao kipo, lakini mizani ya jikoni inafanya kazi ileile. Gogo bichi la mwembe au mjakaranda lililokatwa mtaani, likereze kwanza liwe bakuli nene, ukuta wake asilimia 10 ya kipenyo. Paka nta ya mshumaa kwenye sehemu zinazoonyesha ncha za nyuzi, lipime, andika uzito na tarehe kwa penseli kitakoni, liweke kivulini. Lipime kila wiki. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, limekauka kwa hali ya hewa ya hapa na unaweza kulimalizia. Kwa mpera, ambao ni mgumu na mzuri sana kwa pia, pia zenyewe ni ndogo kiasi kwamba sisubiri. Ukinunua mninga au mvule, dai risiti; mzigo wa mbao barabarani huulizwa karatasi.

Mng'ao, na wadudu wa ziwani

Kwa bakuli la chakula natumia nta ya nyuki, ile ya Tabora ikipatikana, na parafini ya maji ya duka la dawa. Si mafuta ya taa, ambayo baadhi ya watu huyaita parafini. Ukiagiza mtu, mwandikie. Pima sehemu moja ya nta kwa nne za parafini kwa uzito. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto mtupu, koroga hadi iyeyuke, mimina kwenye chupa ya mdomo mpana. Paka bakuli likizunguka polepole, kwa kipande cha karatasi laini badala ya kitambaa, kwa sababu karatasi ikinaswa hukatika, kitambaa huvuta kidole. Ukitumia mafuta ya kitani kwa vitu vingine, matambara yake yatandaze nje yakauke. Yakiachwa yamekunjwamana hujipasha moto yenyewe hadi kuwaka.

Paka asubuhi. Jioni, vile vijidudu vya ziwani vinavyonyanyuka kama moshi juu ya maji hufuata taa, na nimewahi kuamka nikakuta vanishi ya sanduku la binti yangu imetapakaa mabawa. Nililipiga msasa lote upya.

Nilivyojutia, na vilivyobaki

Nilinunua seti ya patasi nane kwenye sanduku zuri; natumia tatu: bobari, patasi ya kukatia na kikwangulio. Nilinunua kalamu ya leza ya kuonyesha unene wa chombo, iko kwenye droo na betri yake imevuja. Mtambo wa kuvuta vumbi nilikaribia kuuagiza, halafu nikakumbuka upepo wa ziwa haulipiwi. Mwenye karakana ya ndani isiyo na dirisha ahesabu tofauti na mimi.

Fito ndefu ya kuchimbia vyombo virefu vyenye mdomo mdogo naitamani, ila daftari halijaitaja hata mara moja, kwa hiyo bado. Ukurasa wa Jumamosi iliyopita una mstari mmoja tu: “kuku wamechakura maranda.” Kuzuia hao ninahitaji wavu, na kipande cha wavu wa samaki kuukuu hakikosekani Kirumba, kwenye soko la samaki la hapa Mwanza.